Nimevuliwa mkanda hekaluni, halafu nikaulizwa kuhusu cha juu. Usafi wa Wahindu ni wa mwili au wa moyo?

#1 FundiFeni

Wakuu salaam.

Juzi nimepata kazi ya kufunga feni sita kwenye hekalu moja la Wahindu hapa Dar. Mlangoni nikaambiwa nivue viatu. Sawa, hata msikitini tunavua. Ninawe mikono na miguu. Sawa. Halafu mlinzi akanionyesha kiunoni: mkanda wa ngozi hauingii. Nikafunga suruali kwa kipande cha waya, nikapanda ngazi.

Mzee anayesimamia, Mhindi wa siku nyingi anayejua Kiswahili kunizidi, ananiangalia tu. Nilipomaliza feni ya pili akaniita pembeni, akauliza kwa upole: "Kijana, bei uliyoniandikia ni ya dukani au umeweka cha juu?" Nikababaika. Akasema mkanda nimefanya vizuri kuuacha nje, lakini kwao usafi wa kwanza ni wa hela, maji yanafuata. Akataja na neno, nadhani ni "shaucha".

Sasa swali. Miaka yote najua usafi wa hawa jamaa ni kuoga alfajiri, udi, viatu nje, nyama marufuku. Huu wa hela umetoka wapi? Au mzee alikuwa anatafuta punguzo kwa mlango wa dini? Wajuzi karibuni.

#2 Kobe wa Pugu

Kabla ya wajuzi hawajafika: cha juu kilikuwepo au hakikuwepo?

#3 FundiFeni

Hiyo siyo mada mkuu.

#4 Kobe wa Pugu

Nimeshajibiwa.

#5 Mwalimu Mstaafu

Mleta mada, mzee hakukutania. Alichokuambia kimo katika Sheria za Manu, kitabu chao cha kale cha sheria, sura ya 5, ubeti wa 106: katika kila aina ya usafi, usafi wa mali ndio mkubwa kuliko yote, aliye safi katika mali ndiye safi, siyo yule aliyejisafisha kwa udongo na maji. Beti tatu mbele, 109, kuna mgawanyo ninaoupenda sana: viungo husafika kwa maji, moyo kwa ukweli, nafsi kwa elimu na kujinyima, akili kwa maarifa. Kila chombo na sabuni yake.

Kwa hiyo cha juu, kwa hesabu ya mzee, ni uchafu ambao bomba haliufikii.

Shaucha ni Kisanskriti, maana yake usafi. Ni mojawapo ya yama tano za Patanjali, mwandishi wa kale wa yoga, yaani makatazo ya mtu anayefuata njia ya yoga.

#6 Mkaa Pune

Mwalimu shikamoo, narekebisha kidogo tu. Shaucha haimo kwenye yama. Yama tano ni kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujizuia kimwili na kutojilimbikizia. Hizo zinahusu unavyokaa na watu. Shaucha inafungua kundi la pili, niyama, yale unayojilazimisha mwenyewe: usafi, kuridhika, kujinyima, kujisomea, kujikabidhi kwa Mungu. Yoga Sutra ya Patanjali, sura ya 2, kifungu cha 32.

Vyasa anapokifafanua kifungu hicho anaukata usafi vipande viwili. Wa nje ni udongo, maji na chakula safi. Wa ndani ni kuosha madoa ya fikra. Wala hasemi kipande kimoja ni bora kuliko kingine, anaviweka sambamba.

Nilisoma Pune, India, miaka minne. Mwenye nyumba wangu alikuwa haniruhusu kuingia jikoni mpaka nioge, lakini umbea wa jengo zima alikuwa anaupika humo humo.

#7 Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umenisahihisha na nimekubali, niyama. Uzee.

#8 Mganga wa Vidonge

Mnazunguka mbuyu. Hayo yote ni afya ya jamii tu. Nchi ya joto, kipindupindu, hakuna friji. Wahenga wao wakaona watu hawataoga kwa kuambiwa habari za vijidudu, wakaambiwa ni dini. Ngozi inaoza, nyama inaoza, mate yanaambukiza. Hakuna siri yoyote hapo.

#9 Mwalimu Mstaafu

Daktari, ngoja nikupe kipimo chako mwenyewe. Manu 5:136, baada ya haja: udongo mara moja mbele, mara tatu nyuma, mara kumi mkono wa kushoto, kisha mara saba mikono yote miwili. Hapo unaweza kusema afya. Lakini ubeti unaofuata unasema hiyo ni kwa mwenye familia. Mwanafunzi anayesomea Veda, maandiko yao matakatifu, afanye mara mbili ya hiyo, aliyehamia msituni mara tatu, mtawa aliyeacha dunia mara nne.

Mtawa anakula mlo mmoja wa kuomba. Ana uchafu gani wa kuwazidi watu wenye watoto sita?

#10 Kobe wa Pugu

Mara arobaini mkono wa kushoto. Huyo mtawa atafika saa ngapi kwenye sala?

#11 Bhai wa Mvita

Hamjambo nyote. Mimi ni Mhindu wa Mombasa, kizazi cha nne hapa. Nimekuwa nikisoma kimya lakini naona mtatuogesha bila maji.

Kwetu nyumbani nyanya hakukanyaga jikoni kabla ya kuoga, na chakula hakionjwi kikiwa jikoni. Kwanza kinawekwa mbele ya Mungu, ndiyo tule. Ukikionja tayari kimeingia mate yako, hakifai tena kutolewa. Ngozi nayo haiingii hekaluni kwa sababu ni mnyama aliyekufa. Mkanda wa fundi haukuwa mchafu kwa matope; ulikuwa na mauti ndani yake.

Sisi ni wa madhehebu ya Swaminarayan. Kuna kitabu chetu cha maagizo, Shikshapatri, beti 212, cha mwaka 1826. Humo tumeagizwa tusinywe maji wala maziwa yasiyochujwa. Daktari #8 atasema "nilijua tu, ni kipindupindu". La! Sababu ni vidudu vyenyewe, tusije tukaviua. Hivyo chujio linamlinda mdudu kwanza, mnywaji baadaye. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo wa nje na wa ndani vinapokutana: kitambaa cha kuchujia maji ni huruma iliyofumwa.

Na zile ahadi tano tunazokula ni hizi: pombe hapana, nyama hapana, wizi hapana, uzinzi hapana, na ya tano, kutojinajisi wala kuwanajisi wengine. Wizi na unajisi viko safu moja. Mzee wa feni alikuwa sawa.

#12 Binti Ng'ambo

Assalaam alaykum. Sisi Unguja mtoto hufundishwa twahara kabla ya kusoma, kwa hiyo nimefuatilia kwa hamu. Lakini naomba tusivisokote pamoja. Udhu ni sharti la swala, unatenguka na unarudishwa, na ukiwa huna udhu huna dhambi. Bhai, kwenu mtu asiyeoga asubuhi amekosea kimaadili, au hayuko tayari tu kwa ibada?

#13 Bhai wa Mvita

Swali zuri dada, na nyanya angekujibu tofauti na ninavyokujibu mimi. Nyanya: amekosea. Mimi: hayuko tayari tu. Mama: "Nenda ukaoge."

#14 Mwanakondoo

Marko 7. Kinachomtia mtu unajisi ni kile kimtokacho, siyo kimwingiacho. Mada imekwisha.

#15 Mkaa Pune

@Mwanakondoo, mada ndiyo kwanza inaanza, maana na wao wamebishana hilo hilo. Chandogya Upanishad, moja ya maandiko yao ya kale, 7:26 inasema "ahara" ikiwa safi, moyo husafika. Sasa ahara ni nini? Wafafanuzi wawili wakubwa wanatofautiana. Ramanuja anaichukulia ni chakula, hivyo angalia unachokula, nani kakipika na kwenye chombo gani. Shankara anasema hapana, ahara ni kila kinachoingia kupitia hisi: unachokiona, unachokisikia, kikiwa hakina tamaa, chuki na upofu wa akili. Sentensi moja, dini mbili za jikoni.

Mtawa wao, Swami Vivekananda, alilichambua suala hili vizuri, na akawashambulia wenzake waliobaki na chungu tu. Aliwaambia dini yao imehamia jikoni, na Mungu wao ni sufuria.

#16 Kobe wa Pugu

Kwa tafsiri ya Shankara, kushinda humu jukwaani usiku kucha ni sawa na kula mizoga.

#17 Mwalimu wa Mkeka

Sasa wadau. Nafundisha yoga Nairobi. Wanafunzi wangu wengi wanadhani shaucha ni kupangusa mkeka na kunywa juisi ya kijani. Wengine wameona mtandaoni watu wakimeza kitambaa cha kuoshea tumbo au kupitisha maji puani, nao wanataka. Hizo ni zile kazi sita za usafi za hatha yoga, na Hatha Yoga Pradipika yenyewe, 2:21, inasema ni za mwenye mafuta na makohozi mengi. Asiye nayo asijisumbue.

Lakini nataka kutupa jiwe. Mmesoma kifungu cha 40, sura ile ile ya 2? Patanjali anasema tunda la shaucha ni kuuchukia mwili wako mwenyewe, na kutogusana na wengine. Kuuchukia! Ndiyo maana naona nyote mmeanzia mlango usio. Unaoga leo, kesho umenuka. Unaoga tena, umenuka tena. Baada ya miaka unagundua kwamba mwili hausafishiki, na hapo ndipo unaacha kuuabudu. Kuoga ni somo la kushindwa.

Ni kifungu cha 41 tu ndicho kinaleta matunda ya ndani: moyo mchangamfu, fikra kutulia mahali pamoja, hisi kutawaliwa, na mtu kustahili kuiona nafsi yake.

#18 Binti Ng'ambo

"Kuoga ni somo la kushindwa." Nitamwambia mwanangu wa miaka mitano, atafurahi sana.

#19 Bhai wa Mvita

@Mwalimu wa Mkeka, hiyo ni ya watawa. Sisi wenye maduka na watoto hatuogi ili tuichukie miili. Tunaoga kwa sababu asubuhi Mungu ni mgeni wetu. Kitabu chetu kitakatifu, Gita, 16:3 kinaitaja shaucha pamoja na msamaha, ustahimilivu na kutokuwa na chuki. 17:14 inaiweka kwenye nidhamu ya mwili. Ubeti wa 16 wa sura hiyo hiyo unataja usafi wa nia, safari hii kwenye nidhamu ya moyo. Sioni chuki ya mwili popote.

#20 Mwalimu wa Mkeka

Sawa kaka, lakini Gita na Patanjali siyo kitabu kimoja. Sibadilishi.

#21 Upanga Ghorofa ya Tatu

Nimesoma mpaka hapa nikasema niandike au nilale. Naandika.

Mama yangu alifanya kazi za ndani Upanga miaka kumi na moja, kwa familia ya Kihindu. Simtaji mtu. Alikuwa na kikombe chake cha bati, kinakaa dirishani peke yake. Vyombo vyao anaviosha yeye, vikishaoshwa vinasuuzwa tena na mwenye nyumba. Sakafu ya chumba cha sala hakuruhusiwa kuipiga deki. Choo, ndiyo. Walimlipa kwa wakati, Diwali walimpa kitenge, na alipougua walimpeleka hospitali kwa gari lao. Hawakuwa watu wabaya. Lakini nikiwa mtoto nilikinywea maji kikombe kile dirishani, na nilijua ni cha nani na kwa nini.

Kwa hiyo mnaponiambia wa nje na wa ndani vinakutana, naomba mniambie vilikutana wapi kwenye kikombe cha mama yangu.

#22 FundiFeni

Dah.

#23 Bhai wa Mvita

Dada, nimechukua siku nzima kujibu. Kwetu pia kilikuwepo. Nyanya alikuwa na vyombo vya wafanyakazi. Alikuwa pia na sahani ya pembeni ya binti zake mwenyewe wakiwa katika siku zao, na siku kumi na zaidi za msiba hakuna aliyekwenda hekaluni wala kutugusa. Nataka kusema haikuwa rangi peke yake, ilikuwa ramani nzima ya nani amgusa nani lini. Mamangu aliviondoa vyombo hivyo baada ya nyanya kufa. Hakuhutubu, alivigawa tu.

#24 Upanga Ghorofa ya Tatu

Nakushukuru kwa kutokanusha. Lakini binti wa nyanya siku ya tano alirudishiwa sahani yake. Kikombe cha mama kilikaa dirishani miaka kumi na moja.

#25 Mkaa Pune

Dada #21 amefungua kile tulichokuwa tunakikwepa. Mganga wa Vidonge, kama ni vijidudu, vinajuaje tabaka? Manu 5:83, kuanzia tabaka la juu kushuka: ndugu akifa, Brahmini ana unajisi siku kumi, Kshatriya kumi na mbili, Vaishya kumi na tano, Shudra mwezi mzima. Maiti ni yule yule.

Nikiwa Pune tulipanda basi na wenzangu kwenda Mahad. Kuna bwawa linaitwa Chavdar. Mifugo walikuwa wanakunywa, watu walioitwa wasiogusika hawakuruhusiwa. Tarehe 20 Machi 1927 Dkt. Ambedkar, kiongozi wao, aliongoza maelfu hadi pale, akainama, akanywa. Basi tu, kunywa maji. Wenyeji wa matabaka ya juu baadaye wakalitakasa bwawa kwa vyungu 108 vya maziwa, mtindi, samadi na mkojo wa ng'ombe. Soma tena hiyo orodha, halafu uniambie nani alikuwa mchafu. Desemba 25 mwaka ule ule, hapo hapo Mahad, nakala ya Sheria za Manu ikachomwa moto.

Ndiyo, Mwalimu, kitabu kile kile chenye ubeti mtamu wa mali safi. Katiba ya India, kifungu cha 17, ilikuja kuufuta utengaji huo mwaka 1950. Kwenye karatasi.

#26 Mwalimu Mstaafu

Sikatai. Ila ruhusu mzee aseme: waliokuwa ndani nao waliona mapema. Gautama, mwandishi wa kale wa sheria, katika Dharmasutra yake, anahesabu taratibu arobaini za kumtakasa mtu tangu tumboni, kisha anataja sifa nane za nafsi: huruma kwa viumbe vyote, uvumilivu, kutoona kijicho, usafi na nyinginezo. Anasema mwenye taratibu zote arobaini bila hizo nane hafiki kwa Brahman, yaani Mungu mkuu. Mwenye chache kati ya arobaini lakini anazo nane, anafika.

Na mshairi Kabir aliuliza kuoga kuna faida gani kama uchafu wa moyo hautoki: samaki anaishi majini siku zote na harufu haimwishi. Ndiye pia aliyesema moyo ukiwa mwema, mto mtakatifu Ganga umo kwenye beseni lako.

#27 Mkaa Pune

Samaki ni wa Kabir. Beseni ni la Raidas, Mwalimu, ndivyo wanavyosimulia watu wa Varanasi. Na tofauti ina uzito, kwa sababu Kabir alikuwa mfumaji, Raidas alikuwa fundi ngozi. Beseni lenyewe ni lile la kulowekea ngozi! Yaani Ganga imo ndani ya kitu kile kile alichovuliwa FundiFeni mlangoni.

#28 Kobe wa Pugu

Fundi, rudi kadai mkanda wako uingie.

#29 Mganga wa Vidonge

Hoja ya tabaka nimeikubali nusu. Lakini Gandhi je? Alikuwa Mhindu haswa, na alisafisha vyoo kwa mikono yake akisema ni ibada. Kwake afya na dini vilikuwa kitu kimoja. Hata kampeni ya vyoo ya Serikali ya India, Swachh Bharat, ilizinduliwa siku ya kuzaliwa kwake, Oktoba 2, 2014.

#30 Upanga Ghorofa ya Tatu

Gandhi huyo huyo, Durban mwaka 1898, alikuwa na karani aliyezaliwa na wazazi wa "wasiogusika". Akamtaka mkewe Kasturba abebe chombo cha mkojo cha yule karani, tena kwa uso wa furaha. Kasturba akabeba huku analia. Gandhi akafoka, akamkokota mpaka getini amtoe nje. Amekiri mwenyewe.

Kwa hiyo mwanamume anautoa utengaji nyumbani kwake kwa kumkokota mkewe mkono. Huo ni usafi wa ndani au wa nje? Mimi nimeshindwa kuupanga.

#31 Binti Ng'ambo

Na kila mkiutafuta uchafu mnaufikia mwilini mwa mwanamke. Kule Kerala si waliwazuia wanawake wote wasiingie hekalu la Sabarimala kwa sababu ya hedhi?

#32 Mkaa Pune

Siyo wote, ni wa umri wa miaka 10 hadi 50. Mahakama ya Juu ya India ilifuta zuio hilo Septemba 28, 2018, majaji wanne kwa mmoja, na yule mmoja aliyepinga ndiye alikuwa jaji pekee mwanamke kwenye jopo hilo. Watetezi wa zuio walisema hoja yao ni useja wa Ayyappan, mungu wa hekalu hilo, wala siyo uchafu. Umri waliouchagua unasema vingine.

Lakini kuna Kamakhya, huko Assam. Kila Juni hekalu linafungwa siku tatu kwa sababu mungu mke mwenyewe yuko katika siku zake. Likifunguliwa watu wanapanga foleni kupata kipande cha kitambaa chekundu, na wanakiona ni baraka. Nchi ile ile.

#33 Mwalimu wa Mkeka

Ndiyo maana nasema mwili ni shule, siyo adui wala...

#34 Binti Ng'ambo

Jana ulisema tuuchukie.

#35 Mwalimu wa Mkeka

Nilisema Patanjali kasema. Mimi nilitupa jiwe tu.

#36 Bhai wa Mvita

Kisa cha kumalizia chai. Nyanya akitusimulia habari za Shabari, kikongwe wa msituni aliyemngojea mungu wetu Rama miaka na miaka. Rama alipofika, Shabari alionja kila tunda kwanza, matamu akampa, makali akatupa. Matunda yenye mate yake! Rama akala yote. Nyanya, mwenye vyombo vya wafanyakazi kabatini, alikuwa analia kila akifika hapo.

#37 Mwalimu Mstaafu

Kisa kizuri, ila kwa Valmiki, mtunzi wa kisa cha kale cha Rama, Shabari hakuonja. Alimkaribisha kwa vyakula vya msituni tu. Kuonja kumeongezwa na wasimuliaji wa baadaye.

#38 Upanga Ghorofa ya Tatu

Basi waliomwongezea ndio ninaotaka kukutana nao.

#39 FundiFeni

Wakuu ahsanteni, nilikuja na swali moja naondoka na tisa. Kesho narudi kumalizia feni mbili zilizobaki. Nimenunua mkanda wa kitambaa Kariakoo.

#40 Kobe wa Pugu

Na risiti ya feni?

#41 FundiFeni

Mkanda ni elfu tatu mia tano, unavutika, rangi ziko zote.